Lindi mjini: shughuli zote asubuhi moja, samaki mwisho

Lindi mjini ni mdogo. Benki, soko, Hospitali ya Sokoine, ofisi za serikali na ufukwe, vyote unavifikia kwa miguu. Ubaya wake ni kwamba mtu akiona kila kitu "si hapo tu", hapangi. Anatoka kutafuta mhuri, anarudi kuchukua kopi, anatoka tena kwenda sokoni, na saa saba mchana yuko juani na samaki walioanza kulegea. Kwa hiyo usipange safari kwa kuangalia kipi kiko karibu. Angalia kipi kinafungwa mapema na kipi kinaharibika.

Kazi inaanza usiku. Umeme wa LUKU nunua kwa simu. Tokeni ina tarakimu 20, iache kwenye meseji, usiinakili kwenye karatasi. Kama una malipo ya serikali, tazama kontroo namba (namba ya kulipia uliyopewa na ofisi) haijapitwa na tarehe, maana ikishapitwa utarudi ofisini kuomba nyingine. Tenga noti za 1,000 na 2,000 na sarafu, kwa sababu asubuhi chenji ni shida kila mahali. Kopi za kitambulisho ziwe mbili. Halafu soma majina kwenye karatasi zako zote, herufi kwa herufi: "Mohamed" kwenye cheti na "Mohamedi" kwenye kitambulisho vinatosha kukurudisha nyumbani. Kasoro hiyo ndiyo inayopotezea watu siku kuliko foleni yenyewe.

Ofisi za serikali hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Kama jambo lako linahitaji barua ya mtendaji wa mtaa, anzia kwake. Ukienda juu bila barua utaambiwa urudi chini. Ukipewa karatasi usiondoke dirishani kabla ya kukagua vitu vinne: jina, tarehe, sahihi, mhuri. Siku ya Ijumaa maliza ya ofisini kabla ya saa 5:30, kwani watu wanakwenda msikitini na maduka mengi yanafunga kwa muda.

Pesa taslimu zifuate hapo. Wakala wa kukutolea pesa anahitaji kuwa na noti mkononi. Wa kukuwekea anahitaji floti, yaani salio kwenye simu yake. Asubuhi mapema noti huwa chache, basi muulize kwanza, "Laki ipo?" kabla hujabonyeza chochote. Kuanzia Oktoba, wakulima wa korosho wanapolipwa kupitia akaunti zao, benki hujaa, na siku hizo afadhali uchukue pesa jana yake.

Sokoni anza na vikavu: mchele, vitunguu, nazi. Nazi itikise usikie maji, kisha tazama macho yake matatu. Jicho lenye unyevu au ukungu ni dalili ya nazi iliyooza, hata kama inalia vizuri.

Samaki hufuata maji, hawafuati saa ya ukutani. Siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana kama saa 4 au 5 asubuhi. Ndipo wachokoaji wa pweza wanapoingia mwambani kwa miguu, na pweza wao wanafika mchana. Ukienda saa 3 siku hiyo unauziwa wa jana. Kila siku maji husogea mbele karibu dakika 50, hivyo ukijua ya leo unaweza kukisia ya keshokutwa. Pweza mzuri anateleza na ngozi yake inang'aa. Aliyekauka na kunuka mwache. Changu au kolekole mfunue shavu: ndani pawe pekundu, si pa kahawia. Mbonyeze ubavuni kwa kidole, na shimo likibaki, mrudishie mwenyewe bila maneno mengi. Akuparie magamba na kutoa matumbo hapo hapo, kwani matumbo ndiyo yanayoanza kuoza. Nenda na ndoo yenye mfuniko na pakiti mbili za barafu, moja chini, moja juu.

Bajaji weka kwa kurudi tu, ukiwa na mzigo. Kubaliana nauli kabla ya kupanda, na useme kama unakodi peke yako au mnachangia, maana hapo ndipo ugomvi unapozaliwa.

Anayerudi Kitunda, ng'ambo ya ghuba, aulize safari ya mwisho wakati anavuka asubuhi, si jioni. Akipanda mtumbwi maji yakiwa yamepwa atatembea kwenye tope kuufikia, hivyo avae ndala, na karatasi zenye mhuri azitie kwenye mfuko wa nailoni, mbali na ndoo ya samaki.