Jinsi ya kufanya mtaa ufuate lokidauni bila kiboko

Mimi nilikuwa difensi (mhusika wa ulinzi) wa LC1, yaani baraza la kijiji, huku Busia, upande wa Uganda, toka lokidauni ya kwanza ya korona mpaka kafyu ilipoondolewa Januari 2022. Mwaka huohuo, Oktoba, wilaya za Mubende na Kassanda zikafungiwa kwa sababu ya ebola, na jamaa yangu aliye kwenye kamati ya kijiji kule akanipigia simu akauliza, nyie mlifanyaje watu wakawasikiliza? Nikacheka kwanza. Hawakutusikiliza bana, angalau mwanzoni. Haya ndiyo niliyomwambia, nayaandika na wewe uyapate siku ikikufikia.

Kabla hujatangaza kitu chukua karatasi, andika kila katazo, halafu jiulize mtu akilifuata hili leo jioni atakula nini. Tarehe 30 Machi 2020 tuliambiwa kafyu saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, magari ya watu binafsi marufuku, boda ibebe mzigo tu isibebe mtu. Posho ya serikali, unga wa mahindi kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu, ilianzia Kampala na Wakiso, sisi wa mpakani tuliiona kwenye TV. Sasa kijana wa boda utamwambiaje? Nilimsimamisha mmoja amempakia mama na mkungu wa matoke mapajani, akaniambia, "Afande, mimi nabeba matoke, huyu mama ameyashikilia tu yasianguke." Nilishindwa hata kukasirika. Makatazo ya namna hiyo yawekee alama, ujue yatavunjwa, usipoteze nguvu zako hapo.

Nguvu peleka pale watu wanapokusanyika kila siku bila kupenda. Kwetu ilikuwa kwenye pampu ya maji. Wiki ya kwanza nilikuwa nasimama pale napiga kelele simameni mbalimbali, nikigeuka tu wamebanana tena, na kelele zangu zilikuwa zinaleta watazamaji wa ziada. Mama mmoja ndiye alinionyesha dawa. Huku kila mtu anajua jerikani ndio inashika foleni, sio mwenyewe, kwa hiyo akasema panga jerikani, watu tukae chini ya mwembe kila mmoja na kivuli chake, jerikani yako ikikaribia unaitwa. Tukachora mistari kwa majivu, hatua mbili mbili, na sabuni ikafungwa kwa kamba kwenye mti (ya kwanza iliibiwa, ya pili tuliweka ndani ya soksi, hiyo haikuibiwa). Kuanzia hapo pampu haikuhitaji askari.

Sasa kiboko. Wiki ileile ya kwanza tulizunguka usiku na askari wenye fimbo, na mimi nilikuwa mbele na tochi, sifichi. Watu walikimbilia kwenye mahindi, bibi wa watu akaanguka shimoni akateguka mguu. Kesho yake nikipita njiani nasalimia, wananijibu "nzuri" wanaingia ndani. Nikadhani ndio heshima. Kumbe kuna mtu alikuwa ametoka Nairobi kwa njia za panya, analala nyumba ya tatu kutoka kwangu, na nilijua siku ya tano! Mtaa mzima ulijua isipokuwa difensi. Hapo ndipo nilielewa kwamba kitu unachohitaji kwa watu sio waogope, unahitaji wakuambie. Mpaka huu hauzibiki na askari wowote, familia moja jikoni ni Uganda na mashamba ni Kenya, watakaovuka watavuka, swali ni kama wakivuka utaambiwa. Fimbo pia LC haina ruhusa nayo kisheria, hata ukipewa na mkubwa ikataliwe.

Ili uambiwe, lazima kwanza ufae. Andika namba za vijana wawili wa boda wenye mafuta usiku, ya nesi, na ya ofisi ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), kwa sababu ile Aprili mgonjwa alihitaji ruhusa ya RDC kupanda gari na uchungu wa kujifungua haungoji ofisi ifunguliwe. Baadaye Rais alisema wajawazito wasidaiwe ruhusa, lakini askari wa kizuizini usiku saa nane ameshasikia? Nenda kizuizini mchana, msalimie afande, mjulishe mama fulani wa kwetu yuko karibu. Ukimvusha mama mmoja hivyo, habari zitakufuata mpaka kitandani.

Malwa, pombe yetu ya ulezi, ndiyo ilinitesa. Baa zilifungwa, ila wazee wa chungu kimoja na mirija yao walihamia vyumbani wakafunga madirisha, yaani mbaya zaidi kuliko nje. Nikakaa na mama muuzaji, tukakubaliana anauza kwa jagi, kila mzee anakunywa kwake. Sheria ingesema asiuze kabisa, najua. Mimi nilichagua majagi kumi katika nyumba kumi kuliko wazee kumi kwenye chungu kimoja, anayetaka kunishtaki anishtaki.

Jambo lingine, pima uchovu. Siku 14 za kwanza watu walikaa kweli, zilipoongezwa 21 wakaanza kuchungulia. Kampeni za uchaguzi za Novemba 2020 ndio zilimaliza utii, mkutano mwisho watu 200 kwa sheria, na macho yetu yanaona mafuriko ya watu barabarani, halafu mimi nikamwambie mama wa chapati afunge? Wakati kama huo baki na masharti mawili tu. Sisi tulibaki na kunawa pampuni na kusema mgeni akifika, mengine nikayaacha kimyakimya.

Jamaa wa Mubende akasema ebola haipiti hewani kama korona, kwao shida ni kugusa mgonjwa na mazishi. Nikamwambia ndiyo, kwa hiyo nenda kwa wanaoosha maiti kabla hujaenda kwa askari, na sabuni zianzie kwenye pampu. Akasema kwao hakuna pampu, wanachota chemchemi. Basi anzia chemchemi, na ufike saa kumi na moja alfajiri, kabla watoto hawajajaa.