Kiholanzi: neno refu usilimeze zima zima

Jamani mliofika Uholanzi juzi juzi, hii yenu. Mwaka wangu wa kwanza nilienda kaunta kuulizia verblijfsvergunning, yaani kibali cha kuishi, nikalitamka kikwetu, nguvu zote kwenye GUN, mama wa watu akanitolea macho, nikarudia mara tatu wapi, mwisho nikamwandikia kwenye kikaratasi. "Aaa, verBLIJFSvergunning!" Kumbe herufi zote nilizitoa, mkazo tu ndo uliniangusha.

Kiswahili mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, hata tukiunga maneno: mwana na funzi tunasema mwanaFUnzi. Waholanzi wao wakiunga maneno, mzigo wanaubebesha neno la kwanza. Jiulize lile neno la kwanza likiwa peke yake linakazwa wapi, basi hapo hapo. ZORG ni huduma, kwa hiyo ZORGverzekering, bima ya afya. beLASting ni kodi, kwa hiyo beLAStingdienst, wale watu wa kodi (bahasha yao ya bluu utaijua tu). Yanayofuata unayapitia chapchap kwa sauti ya chini. Na vile vi-ver, vi-be, vi-ge vya mwanzoni havikazwi, ndo maana geMEENtehuis, ofisi ya manispaa.

Sasa kukata. Usianze na silabi utapotea, anza kutafuta maneno mazima humo ndani. Ziektekostenverzekering: ziekte ugonjwa, kosten gharama, verzekering bima, afu ndo unagawa: ziek-te-kos-ten-ver-ze-ke-ring, silabi 8, unakaza ZIEK basi. Ukikuta s imebanwa katikati, hiyo ni gundi, inabaki na neno la kushoto: ver-blijfs-ver-gun-ning, ukiihamishia kulia umeharibu.

Ukikata pabaya maana inageuka kabisa. Massagebed, massage-bed ni kitanda cha masaji, ila macho yakikudanganya ukasoma massa-gebed tayari imekuwa sala ya umati. Valkuil ni val-kuil, shimo la mtego, we ukisema valk-uil umeshazaa ndege nusu kipanga nusu bundi, Waholanzi wenyewe wanataniana nalo hilo.

Mimi nilikuwa nafanyia mazoezi jikoni, napiga meza kwa kijiko, pigo moja zito kwenye mkazo, mengine mepesi mepesi, hadi jirani akagonga ukuta.

Ila stadhuis, ofisi za jiji, wanasema stadHUIS. Hilo lina kichwa chake, lishike hivyo hivyo.