Jinsi ya kukubaliwa kadi ya mkopo ya duka kubwa Marekani, hatua kwa hatua

Keshia wa Macy's au Kohl's anapokuuliza kama ungependa kufungua kadi ya duka upunguziwe bei leo leo, uamuzi wa kukukubali au kukukataa hauko mikononi mwake, wala kwa meneja wake. Uko kwenye kompyuta ya benki iliyo nyuma ya ile kadi, na kompyuta hiyo hulinganisha vitu viwili: faili lako la mikopo, yaani rekodi ya jinsi ulivyokopa na kulipa, na ulichojaza kwenye fomu. Kazi yangu hapa Louisville, Kentucky, ni kuwasaidia wageni, wengi wao Wakongo, Warundi na Wakenya, kuweka vitu hivyo viwili sawa. Wengi wanaokuja kwangu baada ya kukataliwa hawana deni baya hata moja. Ama faili lao ni tupu, ama fomu ilisema hivi na faili likasema vile. Yote mawili yanarekebishika, ila ni kabla ya kuomba.

Hatua ya 1: Jua unaomba kwa nani

Kadi za maduka ni za aina mbili. Ipo inayofanya kazi kwenye duka hilo na tovuti yake tu, na ipo yenye nembo ya Visa, Mastercard au American Express, inayokubalika popote. Ya kwanza ni rahisi zaidi kuipata kwa mtu mwenye historia fupi, na kikomo chake, yaani kiasi cha juu unachoweza kukopa, huwa kidogo, mara nyingi dola mia chache. Anza na hiyo. Maduka mengine yana fomu moja kwa kadi zote mbili: benki inakupima kwanza kwa ile kubwa, ukikosa inakupa ndogo.

Kisha tazama jina la benki, limeandikwa kwa herufi ndogo chini ya fomu. Macy's na Bloomingdale's ni Citibank. Kohl's ni Capital One. JCPenney ni Synchrony. Nordstrom na Target ni TD Bank. Kama una deni lililochelewa kwenye benki hiyohiyo, lipa kwanza. Duka ni tofauti, lakini anayekukagua ni yuleyule.

Na ujue bei ya kitu chenyewe. Riba ya kadi nyingi za maduka imepita asilimia 30 kwa mwaka. Ukiacha deni la dola 400 likae, ni kama dola 10 kila mwezi zinazokwenda bure. Ukilipa salio lote kila mwezi, riba hiyo haikugusi. Ndugu zangu Waislamu huniuliza kama kulipa mapema kunatosha kuondoa tatizo la riba wakati mkataba wenyewe unaitaja. Hilo mpelekee sheikh unayemwamini kabla ya kutia saini, maana mimi ni mtu wa mafaili.

Hatua ya 2: Vuta faili lako

Kuna kampuni tatu zinazotunza mafaili ya mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Benki inaweza kusoma moja tu kati ya hizo, na huwezi kuichagulia, kwa hiyo vuta zote tatu. Tovuti ni AnnualCreditReport.com, ni bure, na unaweza kurudia kila wiki. Kujikagua mwenyewe hakupunguzi alama zako za mikopo, zile namba zinazopima ulivyo mkopaji, hata kidogo. Mgeni mara nyingi hushindwa yale maswali ya utambulisho mtandaoni kwa sababu faili lake ni jembamba. Hapo usilazimishe: piga 877-322-8228 au tuma fomu kwa posta.

Wakenya wengi hudhani rekodi yao safi ya CRB, yaani mafaili ya mikopo ya Kenya, au ile Fuliza, mkopo mdogo wa M-Pesa, waliyoilipa vizuri miaka yote, itawafuata huku. Kwa kadi za duka, haifuati. Mtu aliyekuwa na mkopo wa nyumba Nairobi anaanza sawa na kijana wa miaka 18.

Wakimbizi ni kinyume chake: wengi wana faili na hawajui. Ile tiketi ya ndege uliyokopeshwa na IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, ni mkopo usio na riba, unaoanza kulipwa miezi michache baada ya kufika, kupitia shirika lililokupokea. Mashirika hayo huripoti malipo kwa kampuni za mafaili. Aliyelipa kila mwezi tayari ana historia nzuri inayomngoja. Aliyehama jimbo akaacha kufungua barua anakuta mistari ya kuchelewa, na mstari wa namna hiyo hukaa kwenye faili miaka saba. Kwa hiyo, kabla ya jambo lolote, tafuta barua za mkopo wa tiketi na ujue umefikia wapi. Ukiona kiasi cha mwezi kinakushinda, lipigie simu shirika na uombe kipunguzwe kabla hujachelewa.

Hatua ya 3: Jina moja, tarehe moja, anwani moja

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko hatua zote, na hapa ndipo watu wetu wanapoangukia.

Majina yetu hayana mpangilio ambao kompyuta ya Marekani inautegemea. Tuseme dada anaitwa Furaha Bahati Amani. Kadi yake ya Social Security, ile yenye namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani, imeandikwa hivyohivyo. Leseni ya udereva ikatoka Bahati Furaha Amani, kwa sababu ofisa alinakili karatasi nyingine. Benki ikamwandika Furaha B. Amani, na kazini ni Amani Bahati. Kwa macho ya binadamu huyu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta anaweza kuwa na mafaili mawili membamba badala ya moja lililoshiba, na ombi likasimama kwa kuwa utambulisho haukuthibitika. Wengine hali yao ni mbaya zaidi: waliandikiwa FNU mahali pa jina la kwanza, alama inayomaanisha kwamba jina hilo halijulikani, na alama hiyo ikawafuata kila mahali.

Weka karatasi zote mezani: kadi ya Social Security, kitambulisho cha jimbo au leseni, karatasi za uhamiaji, stetimenti ya benki. Chukua kadi ya Social Security kama kiongozi, maana namba hiyo ndiyo kompyuta inayotafuta kwanza. Kama kadi hiyo yenyewe ina kosa, anzia kwenye ofisi ya Social Security na karatasi za uhamiaji mkononi, kisha leseni, kisha benki, kisha mwajiri. Fomu ya kadi ya duka ijazwe kama kadi ya Social Security inavyosema, herufi kwa herufi.

Tarehe ya kuzaliwa ina mtego wake. Maelfu ya wakimbizi waliandikishwa 1 Januari kambini. Baba na mtoto wake wa kiume wenye jina moja, siku moja ya kuzaliwa na nyumba moja, hutofautiana mwaka tu, na mafaili yao huchanganyika kwa urahisi. Nimeshika ripoti ya kijana iliyokuwa na deni la hospitali la baba yake. Ukikuta deni usilolijua, usikimbilie kuita wizi. Kwanza uliza nyumbani, kisha wasilisha pingamizi kwa kampuni iliyotoa ripoti, ukiambatisha nakala ya kitambulisho. Kwa kawaida wana siku 30 kuchunguza.

Anwani iwe ya mahali unapolala, siyo sanduku la posta. Benki zinatakiwa kisheria kujua unakoishi. Namba ya apatimenti usiiache, na iandike vilevile kila mahali. Kama uliwahi kufunga faili lako kwa kuogopa wezi, lifungue kwa muda katika kampuni zote tatu. Ni bure, na faili lililofungwa hukataliwa hata kama ni safi kama maji ya chemchemi.

Hatua ya 4: Kama faili ni tupu, lijaze kwanza

Alama za FICO, ambazo benki nyingi hutumia kumpima mkopaji, huanzia 300 hadi 850, na hazitokei kabisa mpaka uwe na akaunti angalau moja yenye miezi sita, na iwe imeripotiwa karibuni. Kuomba kadi ya duka kabla ya hapo kunawezekana, na wapo wanaokubaliwa, lakini unaomba gizani.

Njia ninayoipendelea ni kadi ya dhamana. Unaweka amana, kwa mfano dola 200, na hiyo inakuwa ndiyo kikomo chako. Vyama vya akiba na mikopo vya hapa navyo vinazo, pamoja na mikopo midogo ya kujenga historia. Nunua kitu kimoja kwa mwezi, kama mafuta ya gari, lipa chote, na uuache muda ufanye kazi. Jambo la kuuliza kabla ya kutoa amana ni moja: je, mnaripoti kwa kampuni zote tatu? Wakisita, ondoka.

Katika FICO, kulipa kwa wakati kuna uzito wa asilimia 35, na kiasi cha deni ulilonalo asilimia 30. Hayo mawili peke yake ni karibu theluthi mbili ya alama zako, kwa hiyo mengine yasikunyime usingizi.

Hatua ya 5: Hesabu kipato chako vizuri

Fomu huuliza kipato cha mwaka kabla ya makato, na watu wetu huandika kile kinachoingia benki. Wanajipunja wenyewe. Anayelipwa dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, ana 18 mara 40 mara 52, yaani dola 37,440 kwa mwaka. Kazi ya pili, ongeza. Ukiwa na miaka 21 au zaidi, unaruhusiwa kuhesabu pia kipato cha mwenzi wako ambacho kweli unakitumia. Ukiwa chini ya 21, ni chako mwenyewe tu. Misaada ya serikali nayo ni kipato, na sheria ya mwaka 1974 ya usawa katika kukopa inakataza kukunyima kwa sababu ya msaada huo au kwa sababu ya taifa ulikotoka. Usiongeze hata dola moja isiyokuwepo. Kudanganya kwenye fomu ya benki ni kosa la jinai, na kwa mtu ambaye karatasi zake za uhamiaji bado zinashughulikiwa, halifai kuguswa hata kwa utani.

Hatua ya 6: Omba ukiwa nyumbani

Kaunta ni mahali pabaya pa kukopa. Kuna foleni nyuma yako, watoto wanalia, na unabonyeza namba ya Social Security kwenye kijimashine huku watu wakitazama. Mfanyakazi naye mara nyingi ana idadi ya maombi anayotakiwa kufikisha. Mwambie asante, chukua karatasi ya masharti, nenda nyumbani.

Kwenye tovuti ya duka au ya benki yake, tafuta kwanza ukaguzi wa awali, pale wanapouliza kama unaelekea kufaa. Ukaguzi huo hauathiri alama. Ombi lenyewe ndilo linaloacha rekodi ya ukaguzi kwenye faili kwa miaka miwili, ingawa FICO huihesabu kwa miezi 12 tu. Omba kadi moja. Maduka matatu kwa Jumamosi moja yanakuonyesha kama mtu aliyebanwa.

Huna namba ya Social Security bali ITIN, ile namba ya kulipia kodi? Kadi nyingi za maduka hazitakupokea, kwa hiyo uliza benki kabla ya kujaza. Chama cha akiba na mikopo mara nyingi ndicho kitakachokufungulia mlango.

Hatua ya 7: Wakisema bado, au wakisema hapana

"Tutakujibu kwa barua" siyo kukataliwa. Mara nyingi wanataka nakala ya kitambulisho au bili. Zitume haraka.

Ukikataliwa, barua ya sababu lazima ije, na sheria inaipa benki siku 30 tangu ipokee ombi lako. Isome yote. Inataja sababu na kampuni ya faili iliyotumika, na una siku 60 za kuomba ripoti hiyo bure. Sababu ikiwa utambulisho haukuthibitika, au faili lilikuwa limefungwa, rekebisha kisha ipigie benki, siyo duka, uombe walitazame upya ombi lilelile. Mweleze anayepokea kwa utulivu: nilihama mwezi fulani, jina langu limeandikwa hivi, hizi hapa karatasi. Unaweza kuomba mkalimani. Sababu ikiwa historia fupi, simu haitasaidia. Rudi hatua ya 4 na ungoje miezi sita.

Hatua ya 8: Mwezi wa kwanza

Kikomo cha dola 300 na koti la dola 240 maana yake umetumia asilimia 80, na alama zitashuka kabla hujafanya kosa lolote. Lipa sehemu kubwa kabla ya tarehe ya kufunga stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi, ili kinachoripotiwa kiwe chini ya asilimia 30, na kikiwa chini ya 10 ni bora zaidi.

Ukiona tangazo la kutotozwa riba ukimaliza ndani ya miezi 12, soma mara mbili. Kwenye kadi nyingi za maduka riba hiyo inahesabiwa kimyakimya tangu siku ya kununua. Sofa ya dola 900 ikibaki na deni la dola 50 siku ya mwisho, unaletewa riba ya mwaka mzima, na si ya zile 50. Gawanya bei kwa miezi 10 badala ya 12, ulipe hivyo. Bima ya akaunti watakayokupigia simu kukuuzia, ikatae.

Mwisho, ingia kwenye akaunti uweke malipo ya moja kwa moja kutoka benki. Mfumo utakupa machaguo, na lile la kiwango cha chini huwekwa juu, karibu na kidole. Shuka mpaka uone salio lote la stetimenti, uchague hilo.