Kuhamia nchi nyingine na vyombo vyako: ujazo, orodha na bima

Mzigo wa nyumbani unaokwenda kwa meli hulipiwa kwa ujazo. Godoro jepesi linaweza kukugharimu zaidi kuliko boksi la vitabu lenye uzito mara mbili yake. Kwa hiyo gawa, uza na tupa kabla kampuni yoyote ya kuhamisha mizigo haijaja kukadiria. Angalia pia umeme wa huko uendako: pasi ya volti 220 haina kazi kwenye volti 110. Kwa ndege, mita moja ya ujazo huhesabiwa kama kilo 167 hata kama ndani mna mito tu, hivyo tumia ndege kwa vitu vichache vya wiki za mwanzo.

Alika kampuni tatu zije kukagua nyumba, au zikague kwa simu ya video. Mkaguzi afunguliwe kila kabati, stoo, dari na banda la nje. Kontena la futi 20 lina takriban mita za ujazo 33 kwa ndani, lakini wapakiaji wazoefu hupanga 28 hadi 30, kwa sababu sofa na meza haziachi kuacha mapengo. Ukificha baiskeli mbili na meza ya bustani wakati wa ukaguzi, siku ya kupakia ama vinabaki ama unahamia kontena la futi 40, lenye takriban mita 67. Mzigo mdogo unaweza kwenda kwenye kontena la kuchangia. Bei hupungua, ila unasubiri mpaka wengine walijaze.

Ukilinganisha bei, uliza inaishia wapi. Bei ya chini kuliko zote mara nyingi imeishia bandarini. Iandikwe wazi kama inajumuisha tozo za bandari ya kufikia, wakala wa forodha, kupandisha ghorofani, kufungua maboksi na kuondoa makaratasi. Ushuru, gharama za ukaguzi wa forodha na tozo za kontena kuchelewa bandarini kwa kawaida huwa nje ya bei. Ulizia pia kampuni itakayopokea mzigo huko, maana mara nyingi si hii unayosaini nayo mkataba. Cheti cha FIDI-FAIM, yaani cha ubora kutoka shirikisho la kimataifa la kampuni za kuhamisha mizigo, ni dalili nzuri, kwa kuwa kampuni yenye nacho hukaguliwa na watu wa nje.

Siku ya kufunga, tenga chumba kimoja na ubandike mlangoni HAVIENDI. Humo weka pasipoti, vyeti halisi, dawa, kompyuta, vito na funguo. Wapakiaji hufunga kila kilicho mbele yao. Kuna ndoo za taka zilizovuka bahari na taka zake.

Vyombo vya kuvunjika waachie wao. Boksi ulilofunga mwenyewe huandikwa hivyo kwenye orodha, na kwa kawaida bima haifidii kilichovunjika ndani yake, kwa sababu hakuna anayeweza kuthibitisha kilifungwaje. Kila boksi lipewe namba na maelezo ya kueleweka. "Vitu mbalimbali" ni mwaliko kwa afisa forodha kulifungua. Vifaa vya umeme viandikwe na namba zake za kiwandani. Soma pia alama za mikwaruzo wanazoandika kwenye fanicha kabla ya kusaini: meza nzima ikiandikwa imechubuka, umepoteza dai lake.

Unyevu huharibu vitu vingi kuliko watu wanavyodhani. Chuma cha kontena hupata joto mchana na kupoa usiku, mvuke ukageuka matone yanayodondoka kutoka juu. Zima friji siku mbili kabla, liyeyuke na likauke mlango ukiwa wazi. Mashine ya kufulia itolewe maji na kufungwa boliti za usafiri zinazoshika pipa lake. Bila hizo pipa hurukaruka na kuvunja vishikizo vyake. Omba mifuko ya kunyonya unyevu ndani ya kontena. Kreti za mbao ziwe na mhuri wa IPPC, unaoonyesha mbao zimetibiwa dhidi ya wadudu. Osha udongo kwenye viatu, baiskeli na majembe, hasa kwa Australia na New Zealand. Gesi, rangi, makopo ya kupulizia, mimea, mbegu na nyama visipakiwe.

Msamaha wa ushuru una masharti. Umoja wa Ulaya hutaka uwe umeishi nje yake miezi 12 mfululizo, vitu uwe umevimiliki kwa angalau miezi 6, na usiviuze wala kuvikodisha kwa miezi 12 baada ya kuviingiza. Televisheni mpya ndani ya boksi lake la dukani hutozwa kama bidhaa mpya. Kama kibali cha ukaazi hakijatoka, chelewesha meli. Kontena likikwama bandarini tozo huhesabiwa kwa siku.

Kata bima ya hatari zote kwa bei ya kununua upya kule uendako. Ukitaja nusu ya thamani, hata sahani moja ikivunjika waweza kulipwa nusu. Hakikisha inagusa pia mchango wa hasara ya pamoja, yaani wenye mizigo wote kuchangia gharama za kuiokoa meli: meli Ever Given ilipokwama Mfereji wa Suez mwaka 2021, mwenye meli alitangaza hasara hiyo, na wenye mizigo walitakiwa kutoa dhamana hata kama vitu vyao havikuguswa.

Mzigo ukifika, linganisha namba ya lakiri ya kontena na iliyo kwenye hati ya shehena kabla haijakatwa. Mtu mmoja akae mlangoni akitia alama kila namba inapoingia. Boksi lililobonyea lipigwe picha kabla ya kufunguliwa, na uharibifu uandikwe kwenye karatasi ya makabidhiano. Yale usiyoyafungua siku hiyo andika "hayajakaguliwa", kisha yafungue yote kabla muda wa kudai uliotajwa kwenye bima haujaisha.