Umeme wa maji ya moto ya jua: anza kuangalia upande wa baridi

Mkulima mwenzangu, kama una paneli za kuchemshia maji kwa jua na mchana unakuta yamefika nyuzi 80 au 90 alafu unawaza joto lote hili si lingetoa umeme, hujakosea kabisa, mwaka 1913 huko Maadi, Misri, Frank Shuman aliendesha injini ya mvuke wa presha ndogo kwa jua ikavuta maji ya Nile kumwagilia mashamba.

Nyuzi 90 hazichemshi maji, kwahiyo mitambo ya kugeuza joto hili kuwa umeme inatumia kitu kinachochemka mapema kama pentani, yenyewe inachemka nyuzi 36 tu. Mvuke wake unazungusha tabaini, yaani gurudumu la kuendesha jenereta, kisha unapozwa unarudi majimaji na pampu inayasukuma tena. Pentani inashika moto kama petroli, usifunge mtambo karibu na stoo ya majani makavu tafadhali.

Sasa hapo kwenye kupoza ndo wengi wanaharibu, hela yote inaisha kwenye paneli, upande wa baridi wanaweka feni kadogo basi. Upande wa moto ukiwa nyuzi 90 na wa baridi 30, hata mtambo bora kuliko yote hauvuki kama asilimia 16 ya joto kuwa umeme, na hii midogo inatoa 5 mpaka 8 hivi. Yaani kwa asilimia 6, kupata kilowati 1 ya umeme inabidi utupe karibu kilowati 16 za joto, unazitupa wapi? Kwenye maji ya kumwagilia! Yapitishe kwenye kondensa, yaani kile kifaa cha kupozea mvuke, kabla hayajaenda shambani, lita 45 kwa dakika zinalibeba lote na zinapanda nyuzi 5 tu, mmea wala haushtuki. Funga themometa bomba la kuingia na la kutoka, ukiona tofauti inaongezeka na jua ni lilelile ujue maji yamepungua, nenda kafungue chujio, mara nyingi utakuta mwani umeziba.

Ila kama shida yako ni taa na pampu mchana, nunua paneli za umeme za kawaida, jua kali zinatoa kama wati 200 kwa mita moja ya mraba wakati njia hii inatoa 30 au 40. Joto litumie kwanza kama joto, kuoshea vyombo vya maziwa, kukaushia mazao. Mtambo nauona unafaa pale joto linapobaki na una tenki kubwa lililofunikwa vizuri, maana maji ya saa tisa yanaweza kukupa umeme saa mbili usiku.