Somo: Kumjua dubu mweusi kabla hujaingia msituni kwake

Somo hili ni la wana-Mombasa wanaokwenda Kanada: mabaharia wa meli zinazotia nanga Prince Rupert, vijana wa vyuo, na wale wa mikataba ya mashambani. Kwetu dubu hayupo. Haller Park pale Bamburi utamwona kiboko, twiga na kobe, Shimba Hills utamwona ndovu na palahala, dubu, hapana. Dubu wa mwisho wa bara la Afrika waliishi milima ya Atlas, Moroko na Algeria, nao walimalizika karne ya 19. Ndiyo maana mtu wetu akifika kule humpima dubu kwa akili ya simba au ya ndovu, na dubu si huyu wala si yule. Huyu anatawaliwa na pua na tumbo. Ukilishika hilo, mengi ya hapa chini yatajieleza yenyewe.

Hatua ya 1: Achana na rangi, tazama umbo

Jina "dubu mweusi" linapotosha. Wapo weusi tii, wapo wa kahawia, wa rangi ya mdalasini, na kwenye visiwa vya pwani ya British Columbia, jimbo la magharibi mwa Kanada, wapo hata weupe, waliozaliwa na mama mweusi. Na dubu wa kahawia, yule mkubwa aitwaye grizli, naye huweza kuwa na manyoya karibu meusi. Kwa hiyo tazama vitu vinne, tena kwa pamoja:

Bega. Grizli ana nundu begani, kama ng'ombe wa Kiboran. Ni msuli wa kuchimbia. Dubu mweusi hana nundu, na akisimama kwa miguu minne sehemu yake ya juu kabisa ni kiuno, si bega. Hapa ndipo wengi hukosea: dubu mweusi akiinamisha kichwa kula, bega huinuka likaonekana kama nundu. Ngoja ainue kichwa.

Uso. Wa dubu mweusi umenyooka kutoka kipaji hadi ncha ya pua. Wa grizli una bonde katikati, kama upande wa ndani wa upawa.

Masikio. Ya dubu mweusi ni marefu na yamesimama. Ya grizli ni mafupi, ya mviringo. Usitumie kigezo hiki kwa watoto, maana masikio ya kila mtoto wa dubu huonekana makubwa.

Kucha za mbele. Dubu mweusi: hazifiki sentimita 5, zimepinda, nyeusi, za kukwea mti. Grizli: sentimita 5 hadi 10, zimenyooka zaidi. Bila shaka ukiziona vizuri hivyo kwa macho matupu, umeshakaribia kupita kiasi.

Uzito haufai kwa utambuzi. Dume mweusi mzima huweza kuwa na kilo 60, akafika hata 250, kutegemea chakula na msimu. Yaani mfuko mmoja wa saruji na ziada, hadi mifuko mitano.

Hatua ya 2: Jua kalenda yake ya tumbo

Dubu mweusi ni mnyama wa msitu, kuanzia Alaska na Kanada hadi kaskazini mwa Meksiko. Ana chonge kubwa, lakini sehemu kubwa ya mlo wake ni mimea. Anapokula kunabadilika na mwezi, na huko ndiko mtakakokutana.

Aprili na Mei anatoka usingizini amekonda. Anafuata majani machanga, bondeni na kandokando ya barabara kwenye jua. Juni na Julai ni miezi ya kupandana. Madume huzurura sana, na sisimizi huliwa kwa wingi kutoka kwenye magogo yaliyopasuliwa. Agosti ni matunda madogo ya vichakani, na pwani samaki aina ya salmoni huanza kupanda mito. Septemba na Oktoba ndiyo miezi ya kuangaliwa zaidi: anakula karibu mchana kutwa na usiku kucha, hadi kilokalori 20,000 kwa siku, chakula cha watu wazima wanane hivi. Dubu wa Oktoba hujali chakula kuliko anavyokujali wewe. Jaa la taka lisilofungwa ni karamu kwake.

Kisha analala, miezi 3 hadi 7 kutegemea baridi ya mahali, ndani ya mti wenye uwazi, chini ya mizizi au shimoni. Hali, hanywi, hakojoi. Mapigo ya moyo hushuka chini ya 15 kwa dakika, lakini joto la mwili hubaki juu ya nyuzi 30, ndiyo maana anaweza kuzinduka akisumbuliwa. Shimo la dubu si la kuchungulia.

Jike ana jambo la ajabu. Hupandwa katikati ya mwaka, lakini mimba haijishikizi tumboni hadi karibu Novemba, na ikiwa hakunenepa vya kutosha haishiki kabisa. Watoto, kwa kawaida wawili au watatu, huzaliwa Januari au Februari mama akiwa shimoni, kila mmoja hafiki nusu kilo. Hukaa naye mwaka na nusu hivi.

Hatua ya 3: Soma alama kabla ya kumwona mwenyewe

Nyayo. Dubu hukanyaga kwa unyayo mzima kama mtu, vidole vitano, ila kidole kikubwa kiko upande wa nje. Chukua alama ya mguu wa mbele. Weka kijiti kilichonyooka kuanzia chini ya kidole kikubwa, kipite juu ya ukingo wa mbele wa kitanga. Kidole kidogo cha ndani kikianguka zaidi chini ya kijiti, ni dubu mweusi. Kikiwa zaidi juu yake, ni grizli. Kipimo hiki hudanganya kwenye tope laini, kwa sababu vidole hutanuka. Tafuta alama nyingine mbili au tatu mbele yake.

Alama nyingine: magome yaliyochanwa, mawe yaliyopinduliwa, nywele zilizonasa kwenye mti anaojikunia, kinyesi kilichojaa mbegu. Ukiona mzoga uliofunikwa udongo na matawi, au kunguru wamejikusanya mahali pamoja, geuka palepale kwa njia uliyojia. Mwenye mzoga hayuko mbali.

Hatua ya 4: Ficha harufu

Hapa ndipo begi la Mombasa linapoleta balaa. Ng'onda, bizari ya pilau, achari ya embe, mafuta ya nazi ya nywele, udi: kwa pua ya dubu hayo ni tangazo. Kwenye kambi:

Jiko na ghala la chakula viwe mita 100 kutoka hemani. Kwa kipimo chetu, matatu 20 za abiria 14 zikipangwa moja nyuma ya nyingine.

Chakula, taka, dawa ya meno, sabuni na mafuta ya kujipaka viingie kwenye kasha la chuma la kambini. Kama halipo, ning'iniza mfuko kwa kamba kati ya miti miwili, mita 4 juu ya ardhi na zaidi ya mita moja kutoka shinani. Kufunga kwenye tawi karibu na shina hakusaidii, maana dubu mweusi hukwea.

Nguo ulizopikia usilale nazo.

Tumbili wa Nyali aliyeonjeshwa mkate mara moja hurudi kesho akiwa na kiburi. Dubu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba yule aliyezoea chakula cha watu mara nyingi huishia kuuawa na walinzi wa wanyama.

Hatua ya 5: Ingia kwa hodi

Dubu wengi wakikusikia mapema huondoka bila wewe kujua walikuwapo. Zungumza kwa sauti, piga makofi, hasa kwenye kona, vichaka vizito, kando ya mto unaounguruma, na upepo unapokupiga usoni (harufu yako haitangulii). Vikengele vidogo vya kufunga begini havitoshi. Tembeeni wanne au zaidi, mkae pamoja. Mbwa awe kwenye kamba. Akiachiwa atamchokoza dubu, kisha akimbilie kwako na dubu nyuma yake.

Hatua ya 6: Mkionana

Simama. Usikimbie. Sema kwa sauti ya chini ya utulivu ili ajue wewe ni mtu, kisha rudi nyuma polepole bila kumgeuzia mgongo, ukimwachia njia. Usijiweke kati ya mama na watoto.

Akisimama kwa miguu miwili anataka kuona na kunusa vizuri, hajatangaza vita. Akikoroma, akigonganisha meno au kupiga ardhi kwa mkono, amebanwa: ongeza nafasi. Mara nyingi atachomoka mbio kisha asimame ghafla au apinde kando. Hizo ni mbio za kutisha. Anayetisha kwelikweli ni dubu anayekufuata kimya, masikio yamesimama, macho hayakutoki. Huyo mpigie kelele, jikuze, rusha mawe.

Akikushika: dubu mweusi, pambana naye, lenga uso na pua. Grizli uliyemshtua, au mwenye watoto: lala kifudifudi, begi mgongoni, vidole umevifungia nyuma ya shingo, miguu umeitanua asikupindue, tulia mpaka aondoke. Dubu yeyote anayekuingilia hemani usiku au aliyekuwa akikunyemelea, pambana naye hata akiwa grizli, maana huyo anatafuta nyama.

Hatua ya 7: Kopo la pilipili

Ni kopo la kumpulizia dubu pilipili usoni. Nunua lililoandikwa la dubu, lisilopungua gramu 225. Yale madogo ya kujikinga na vibaka hayafiki mbali. Livae kiunoni au kifuani. Lililo ndani ya begi ni sawa na lililobaki dukani. Dubu akija, toa kizuizi cha usalama, shika kwa mikono miwili, lenga chini kidogo ya kichwa chake, na mita 9 (matatu mbili hivi) puliza sekunde mbili au tatu, awe analikimbilia wingu. Kisha ondoka.

Linakosa kazi kwa sababu tatu za kawaida: limepitwa na tarehe na msukumo umeisha, baridi kali imepunguza msukumo (liweke ndani ya koti), au upepo umerudisha pilipili kwa mwenyewe. Usiliache ndani ya gari juani, hupasuka.

MASWALI YA WANACHAMA

Baharia wa Tudor: Mwalimu, kopo hilo naweza kulinunua hapa nisafiri nalo?

Hapana, ndugu yangu. Ndege hazilipokei, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Linunue ukifika, na uliache ukirudi.

Mama Swabra, Majengo: Mwanangu anakwenda kusoma. Hilo kopo si ajipulizie nguoni tu, kama dawa ya mbu?

Hasha, mamangu. Linafanya kazi likiingia machoni na puani mwa dubu. Likikauka kwenye nguo au hema, harufu yake huweza kumvuta aje kunusa. Mwambie pia udi asiufukize kambini; akiwa bwenini mjini hakuna neno.

Kijana wa Changamwe: Nimesikia dubu hawezi kukimbia mteremko kwa sababu miguu ya mbele ni mifupi.

Uongo mtupu. Hukimbia karibu kilomita 50 kwa saa, kupanda na kushuka. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 Nairobi mwaka 2021, wastani wake ulikuwa kama kilomita 37 kwa saa. Na mtini atakufuata.

Mfuga Nyuki wa Kwale: Anakula asali kama nyegere? Huko wanazuiaje mizinga?

Anakula, ila majana (watoto wa nyuki) ndiyo anayoyafuata zaidi, kwa mafuta na protini yake. Kuning'iniza mzinga kwa waya, kama tunavyomzuia nyegere, hakutoshi kwa mkwea miti wa uzito ule. Wanazungushia uzio wa umeme usiopungua volti 6,000. Manyoya yake mazito hayapitishi umeme vizuri, kwa hiyo kwenye waya hutundikwa mkebe uliopakwa mafuta ya samaki, aguse kwa pua. Uzio hushindwa majani yakigusa waya, au udongo ukiwa mkavu mno na chuma cha ardhini hakishiki. Na ufungwe kabla dubu hajaonja mzinga wa kwanza. Akishaonja atautafutia mwanya.

Mpishi wa Likoni: Meli yetu inaingia Hudson Bay. Huko nako ni dubu mweusi?

Kule mji wa Churchill na ufukwe ule shughuli ni ya dubu wa barafu, somo jingine kabisa. Yeye mlo wake ni sili, si matunda, na mtu anaweza kuhesabiwa kuwa mawindo. Kujifanya maiti mbele yake hakufai. Usishuke kutembea nje ya mji bila mwenyeji mwenye silaha.

Mpishi wa Likoni (tena): Na tukiletewa nyama ya dubu jikoni?

Ipike ndani mpaka nyuzi 74, bila wekundu. Huweza kuwa na minyoo ya trikinela, na ile ya nchi za baridi haifi kwa kugandishwa, kwa hivyo friza si dawa. Ama suala la halali au haramu, bwana mpishi, hilo mpelekee shehe kabla hujawasha jiko.