"Kwa hisani ya mtandao" si jina la mtu

Ukiposti picha usiyoipiga wewe, acha kuandika "picha kwa hisani ya mtandao". Mtandao haujawahi kushika kamera. Ipitishe kwenye Google Lens (zana ya Google ya kutafuta kwa kutumia picha), fuata matokeo mpaka umpate aliyeiweka kwanza, kisha mtaje mwanzoni mwa maelezo, siyo chini kabisa baada ya hashitagi ishirini. Nembo yake ya pembeni usiikate. Huo kwangu ni wizi wa mchana kweupe. Na kumtaja si sawa na kuruhusiwa, kwa hiyo mtumie ujumbe kwanza. Picha nyingi za Wikimedia Commons, hifadhi ya mtandaoni ya picha zilizoruhusiwa kutumika, hazihitaji kuomba: andika jina la mpiga picha, leseni, yaani masharti ya kuitumia (mfano CC BY-SA 4.0), pamoja na kiungo chake, na useme kama umeihariri. Mwenyewe hapatikani? Tafuta picha nyingine.